Kuhusu picha uliyojichora

Kamwene mwanangu,

Hapa Kihesa hatujambo, ila baridi ya mwezi huu inatunyanyasa. Picha uliyojichora nimeipata kwenye simu, na swali lako nimelisoma: "Mama, unaniona humo?" Nimeitazama kutwa nzima. Jirani aliishika, akaigeuza miguu juu, akasema hivyo ndiyo afadhali. Nikamnyang'anya simu.

Uso umeupaka wekundu mtupu, jicho moja umelikwangua mpaka turubai linaonekana, na bluu imemwagika penye mdomo. Nikakumbuka Igeleke. Ulikuwa darasa la tano, mlipelekwa kuona michoro ya kale ya mwambani, nami nikaja kama mzazi wa kusindikiza, na ndoo ya viazi vitamu kichwani. Wenzako walikuwa wanahesabu wanyama. Wewe ukasimama mbele ya wale watu wekundu, ukauliza kwa sauti: "Nani amewafuta nyuso?" Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu akacheka kuwashinda watoto. Mpaka leo nikikutana naye sokoni salamu yangu ni fupi. Kwani swali lilikuwa na kosa gani? Mtu aliyeweza kumchora mnyama ukamtambua, ashindwe na pua ya binadamu? Hakushindwa yule. Hakutaka.

Nimesema siku zote, baba yako amechoka kunisikia: mtu akibadilika, uso ndio wa mwisho kupata habari. Ulipoacha uhasibu ulikuja Krismasi na uso wako uleule, ukala, ukataniana na babu yako, kumbe barua ya kuacha kazi ilishafika kwa bosi. Tungejuaje? Niliambiwa na watu, tena msibani, nimeshika sufuria ya wali. Uso ndio wa mwisho kupata habari, na mama anafuatia.

Sikufichi, mimi napenda michoro ya Tingatinga. Edward Said Tingatinga alipopaka rangi zake za kung'aa kwenye ubao, chui ni chui, ndege ni ndege, hakuna wa kuuliza. Lakini hapohapo najibishana na nafsi yangu: ungejichora hivyo ningepata ile sura ya Krismasi, na hiyo ninayo tele kwenye albamu. Haikuniambia kitu. Hii yako mpya angalau inakiri kuna jambo lilitokea. Ila jicho, mwanangu! Jicho lilikukosea nini?

Nzuri au mbaya, sisemi. Shangazi yako akiniuliza nitamjibu, tena kwa kirefu. Wewe hukuuliza hilo, na ulimi nimeubana hadi unauma.

Usiiuze kabla sijaiona yenyewe, maana wekundu mwingine huenda ni wa simu yangu tu. Baba yako anauliza ina upana gani. Anasema anauliza tu, lakini jana nilimkuta sebuleni kapanda stuli, anapima ukuta pale tulipoitoa saa.

Mama yako