Kabla hujazima taa ya chumba cha kuchorea

Kama ndiyo kwanza umetenga kona ya nyumba uanze kuchora, naomba unisikilize. Ajali karibu zote zilizonipata hazikutokea nikiwa na brashi mkononi. Zilitokea nimeshamaliza, nimechoka, nataka kulala. Fundi mwenye karakana hufunga akaenda zake. Wewe unalala mlango wa pili na rangi zako.

Nianze na matambara, maana haya yanaweza kuunguza nyumba. Nilikuwa nachora kwa rangi za mafuta na kufutia brashi vipande vya fulana kuukuu. Nikimaliza, navikunjakunja na kuvitupia kwenye ndoo ya plastiki chini ya meza. Usiku mmoja nikasikia harufu kama ya mafuta yaliyoungulia kikaangoni. Jikoni kulikuwa kimya, jiko limezimwa. Nikaifuata harufu hadi kwenye ile ndoo, nikatia mkono. Matambara ya juu yalikuwa baridi. Ya katikati yalikuwa ya moto, hayashikiki, na moja lilikwisha kuwa la kahawia kana kwamba limepigwa pasi likasahauliwa.

Hapakuwa na kiberiti wala sigara. Mafuta ya kitani, yale yaliyomo kwenye rangi za mafuta, hayakauki kama nguo iliyoanikwa. Hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani, na kitendo hicho hutoa joto. Tambara lililotandazwa hulipoteza joto hilo bila wewe kujua. Lililofungwa ndani ya rundo hulitunza, joto linaharakisha ukaukaji, ukaukaji unazidisha joto, mpaka kitambaa kinawaka chenyewe. Saa chache zinatosha. Siku hizi nayatandaza nje moja moja juu ya zege, mbali na chochote kinachoshika moto, hadi yakauke na kuwa magumu. Nikiwa siwezi kutoka, nayazamisha kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko. Tafadhali usiseme utaanza kesho, hata kama leo umechafua kitambaa kimoja tu.

Tapentaini, ile ya kuyeyushia rangi za mafuta, nayo: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama chini, kule anakotambaa mtoto. Dirisha moja lililo juu halitoshi. Fungua na mlango, hewa ipate pa kuingilia na pa kutokea. Mimi nimeiacha kabisa kwa kazi ya kuosha brashi. Mafuta ya kupikia huyeyusha rangi vizuri, kisha nafuata na sabuni na maji ya uvuguvugu.

Kikombe cha chai kisikae kwenye meza ya rangi. Nimeshapiga funda la maji ya kuoshea brashi, na baadhi ya rangi nyekundu na njano zina kadimiamu, ambayo ni sumu. Kwa sababu hiyohiyo usipige msasa rangi iliyokauka bila kuilowesha na bila barakoa. Vumbi lake ni baya kuliko lile funda.

Ukichanganya unga wa plasta, usioshee bakuli kwenye sinki. Plasta huganda kwa kuungana na maji, kwa hiyo hata ndani ya bomba lililojaa maji itaganda tu. Langu ilibidi likatwe. Sasa naoshea kwenye ndoo, naiacha usiku kucha, asubuhi namwaga maji yaliyokaa juu nje na kukwangua tope kulitia kwenye taka.

Lililoniuma kuliko yote halikuwa hatari kwa mtu. Nilikuwa na turubai mbili, yaani vitambaa vya kuchorea, nilizozichora kwa rangi ya akriliki, zimekauka wiki nyingi, nikazilaza uso kwa uso na kuziwekea vitabu juu kwa kukosa nafasi. Msimu wa joto ukapita. Nilipozitenganisha nikasikia sauti ya gundi inayobanduka, na ukanda mzima wa anga ukahama kutoka mchoro mmoja kwenda kukaa shavuni mwa sura niliyoichora kwenye mwingine. Ile sura nilikuwa nimeahidi kumpa mtu. Akriliki ni plastiki: ikipata joto hulainika, hata ionekane imekauka kiasi gani. Simamisha turubai wima, uso wa moja uelekee mgongo wa nyingine, na vipande vya mbao kwenye pembe ili zisigusane. Usizifunge kwa nailoni ukidhani unazilinda, nayo hunata.

Halafu kisu cha kukatia karatasi. Hapo nilipokuwa nikikusanya takataka za mezani kwa kiganja, kisu kilikuwa chini ya vipande vya karatasi, makali nje, na kidole changu kikashonwa nyuzi 3. Ukikata, tumia rula ya chuma. Ukiinuka, hata kama unakwenda kupokea simu tu, rudisha wembe ndani ya mpini kwanza.