Oksijeni ya maji na oksijeni anayovuta sato

Ndugu, umeuliza kwa nini sato wa vizimbani hapa Mwanza wanaweza kufa kwa kukosa oksijeni ilhali kila molekuli ya maji ina oksijeni ndani yake. Jibu limo katika tofauti kati ya kampaundi na mchanganyiko.

Maji ni kampaundi: atomi mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni zimeungana kikemikali, na zikishaungana hivyo hazionyeshi tena tabia za elementi zake, yaani za haidrojeni na oksijeni zikiwa peke yake, ndiyo maana haidrojeni, ambayo huwaka, na oksijeni, ambayo huchochea moto, huzaa kitu tunachozimia moto. Kwa uzito, karibu asilimia 89 ya maji ni oksijeni, lakini matamvua ya samaki hayana uwezo wa kuuvunja muungano huo. Kazi hiyo huhitaji nishati kubwa, kama ile ya umeme unaopitishwa kwenye maji maabarani.

Anachovuta sato ni oksijeni iliyo huru, yaani molekuli za oksijeni tupu zenye atomi mbili mbili, ambazo zimetoka hewani au kwenye mimea ya majini na kuyeyuka ziwani bila kuungana kikemikali na maji; huo ndio mchanganyiko. Hiyo ni kidogo mno, miligramu 7 hivi kwa lita katika maji ya nyuzi joto 25, nayo hupungua maji yanapopata joto zaidi au mwani na gugumaji vinapooza. Kwa hiyo mfugaji anayeweka vizimba penye mkondo unaoleta maji yenye oksijeni mpya, badala ya ghuba iliyotulia, anafanya kemia sahihi hata kama hakuisoma darasani.