Umeme ukirudi, kwa nini mabomba ya ghala la baridi hupiga kishindo?

SWALI: Mhandisi, pokea salamu. Mimi ni msimamizi wa zamu katika ghala la baridi la nyama na samaki karibu na Barabara ya Enterprise, Eneo la Viwandani, Nairobi. Mitambo yetu hutumia amonia kama kemikali ya kupozea. Kila umeme unapokatika na kurudi, kijana wetu wa mitambo hukimbilia kompyuta, akafuta ving'ora vyote na kuanzisha mtambo upya ili bidhaa zisiharibike. Mwezi huu tumesikia mara mbili kishindo juu ya dari, mfano wa bomba lililopigwa nyundo. Mkuu wangu asema chuma hupanuka na kusinyaa, nisijisumbue. Je, ni kweli? Tena, harufu ya amonia haikosekani katika chumba cha mashine, nasi tumeizoea, na mpini wa ndani wa mlango wa chumba cha kugandishia umeshikwa na barafu tangu masika yaanze.
– Msimamizi wa zamu, Nairobi

JIBU: Ndugu msimamizi, chuma hupanuka na kusinyaa, lakini hakigongi namna hiyo. Maelezo yako yananifanya nishuku kwamba amonia inagonga ndani ya bomba, na jambo hilo halipaswi kusubiri mwezi ujao.

Koili za kupozea, yaani mabomba yaliyokunjwakunjwa yanayopoza chumba, hujaa barafu, na ili kuiyeyusha mtambo huzuia amonia baridi ya majimaji na badala yake kupitisha gesi moto ndani ya koili. Kazi hiyo ikiisha, shinikizo la gesi hutolewa polepole kwanza, ndipo vali kubwa ifunguliwe na baridi irejee. Umeme ukikatika gesi moto ikiwa bado ndani ya koili, kisha mtu akafuta ving'ora na kuanza upya, kompyuta yaweza kusahau ilipokuwa imefika na kuiruka hatua ile ya polepole. Gesi yenye shinikizo hutoka kwa ghafla na kukutana na majimaji baridi mno, nayo hugeuka majimaji kwa mara moja na kuacha pengo. Majimaji yaliyo nyuma hukimbilia pengo hilo na kugonga kona au mwisho wa bomba kwa nguvu inayoweza kulipasua.

Hayo yalitokea Alabama, Marekani, mwezi wa Agosti 2010. Ghala moja lilikuwa limekosa umeme kwa zaidi ya saa 7, na mwendeshaji, katika kuurudisha mtambo kazini, akafuta king'ora wakati koili moja ilikuwa katika kuyeyushwa. Bomba la juu ya paa likapasuka, na koili ndani ya jengo vilevile. Zaidi ya kilo 14,000 za amonia zikatoka, na watu zaidi ya 30 wakalazwa hospitalini, wengi wao wakiwa si wafanyakazi wa ghala hilo bali watu waliokuwa upande ambako upepo ulielekea. Fikiria majirani zako katika Eneo la Viwandani, ambako ukuta wa kiwanda hugusana na ukuta wa kiwanda.

Kwa hiyo simlaumu kijana, kwa sababu anafanya alichofundishwa, yaani kuokoa nyama. Lakini shehena iliyogandishwa hadi nyuzi 18 chini ya sifuri haiyeyuki kwa nusu saa ikiwa milango imefungwa, na hamna sababu ya kukimbia. Umeme ukirudi, ajue kwanza ni koili zipi zilizokuwa zikiyeyushwa, azitoe shinikizo polepole, kisha aendelee. Uwezo wa kuirukisha kompyuta hatua uwekewe nywila na uachiwe fundi aliyehitimu peke yake, na mwenye programu airekebishe ili ikumbuke mahali ilipokatizwa. Utaratibu huo uandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa ukutani. Kabla ya yote hayo, mwite fundi akague viungo vya kuchomelea, vishikizo vya mabomba na kutu iliyojificha chini ya sponji ya kuhifadhi baridi, maana kishindo cha mara mbili huenda kimeacha ufa usioonekana.

Kuhusu harufu, kuizoea ndilo tatizo lenyewe. Pua hupumbaa, na siku uvujaji utakapoongezeka hamtaona tofauti mapema, ilhali sehemu 300 za amonia katika milioni za hewa huhesabiwa na wataalamu wa afya kazini Marekani kuwa hatari kwa uhai papo hapo. Tafuteni vali au kiungo kinachovuja, na wekeni kipima gesi chenye king'ora. Ikimwagika kwa wingi, watu watoke kwa kukingama na upepo, si kwa kuufuata. Msiyamwagie maji majimaji ya amonia yaliyotanda sakafuni, kwa kuwa yatachemka na kutoa gesi nyingi zaidi. Maji ni ya macho na ngozi, kwa dakika 15 angalau. Chakula kilichofikiwa na gesi kisitoke ghalani kabla afisa wa afya ya umma hajakikagua.

Mlango nao usisubiri masika yaishe. Hewa yenye unyevu inaingia kwa sababu mpira wa mlango umechakaa au kipasha joto cha fremu hakifanyi kazi. Rekebisha hivyo viwili, wala usigonge barafu kwa chuma. Hadi hapo mtu asiingie peke yake, asije akafungiwa ndani. Iwapo mkuu wako atakupuuza, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na kamati ya usalama. Ipelekee kamati barua yenye tarehe za vile vishindo viwili, na ubaki na nakala.