Maswali ya wasomaji: Qingdao ilikuwaje ya Wajerumani?

SWALI: Bwana Mhariri, assalaam aleykum. Kazini kwangu Kilindini napokea hati za makontena yaliyopakiwa Qingdao, nchini China. Mzee mmoja wa mtaani kwetu ameniambia kwamba mji huo ulikuwa wa Wajerumani, kisha ukachukuliwa na Wajapani. Mimi nilijua China haikutawaliwa. Naomba maelezo. (Msomaji, Likoni)

JIBU: Waaleykum salaam, ndugu yangu. Mzee wako amesema kweli. China haikuwahi kuwa koloni nchi nzima, lakini bandari zake kadhaa ziliingia mikononi mwa wageni kwa mikataba iliyotiwa saini mbele ya mizinga.

Tarehe 1 Novemba 1897 wamishonari wawili Wakatoliki kutoka Ujerumani waliuawa katika jimbo la Shandong. Serikali ya Kaisari Wilhelm wa Pili, ambayo tangu hapo ilikuwa ikitafuta kituo cha manowari zake upande huo wa dunia, iliyatumia mauaji hayo kuwa sababu. Na kufikia tarehe 14 ya mwezi huohuo Admeri Otto von Diederichs alikuwa ameteremsha askari katika Ghuba ya Jiaozhou, ndipo ulipo mji wa Qingdao, wakati huo penye vijiji vya wavuvi na kambi ndogo ya jeshi la China. Mnamo 6 Machi 1898 China ililazimika kuikodisha ghuba hiyo, pamoja na ardhi ya kandokando yake, kwa miaka 99. Kwenye karatasi ardhi ilibaki mali ya China; kilichozuiwa ni China kuitawala kwa muda wote wa mkataba.

Wajerumani walijenga gati, kiwanda cha bia mwaka 1903, na reli ya kwenda Jinan iliyokamilika mwaka 1904 na kufungua njia ya makaa ya mawe ya Shandong. Wageni wengi huusifu mji huo kwa mapaa yake ya vigae vyekundu, na ni kweli unapendeza. Lakini haki itendeke, isemwe pia kwamba vijiji vilibomolewa ili mtaa wa Wazungu upate nafasi, na kwamba Wachina walitengewa mitaa yao mbali na huo, ingawa ndio waliobeba mawe na kutandaza reli.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, Japani, ikisaidiwa na kikosi cha Waingereza, iliuzingira mji, nao ukasalimu amri tarehe 7 Novemba 1914. Siku hizohizo jeshi la Waingereza na Wahindi lililoshindwa na Wajerumani kule Tanga lilikuwa likirudi kwa meli hapa kwetu Mombasa: Mjerumani ameshinda Tanga, ameshindwa Qingdao, katika wiki moja.

Sehemu inayoniuma zaidi ni iliyofuata. China iliingia vitani mwaka 1917 upande wa Uingereza na Ufaransa, na vibarua wake wapatao 140,000, wengi wao watu wa Shandong, walikwenda Ulaya kuchimba mahandaki na kupakua mizigo. Vita vilipokwisha, mkutano wa amani wa Paris uliamua kwamba haki za Mjerumani katika Shandong apewe Mjapani. Tarehe 4 Mei 1919 maelfu ya wanafunzi waliandamana Beijing kwa hasira, wafanyabiashara na wafanyakazi wa miji mingine wakagoma, na wajumbe wa China wakakataa kutia saini Mkataba wa Versailles. Mji ulirudishwa kwa China Desemba 1922, baada ya mazungumzo ya Washington. Wajapani waliuteka tena mwaka 1938 na kuukalia hadi 1945.

SWALI: Je, kukodishwa kwa Qingdao ni sawa na kukodishwa kwa Mwambao wetu? (Msomaji, Mji wa Kale)

JIBU: Mambo haya yanafanana kwa umbo. Mwaka 1895 Waingereza walichukua utawala wa Mwambao, yaani ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya, wakamlipa Sultani wa Zanzibar kodi ya kila mwaka, na bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu. Tofauti ni kwamba mpango wetu haukuwekewa miaka 99. Ulikwisha kwa makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya serikali ya Kenyatta wa Kenya na ya Shamte wa Zanzibar. Ule wa Qingdao ulikusudiwa kufika mwaka 1997, ukavunjika kwa vita baada ya miaka 16 tu. Jambo jingine ni kwamba wakazi wa Mwambao, ambao mwaka 1895 hawakuulizwa lolote, angalau mwaka 1961 waliletewa Sir James Robertson, kamishna wa Waingereza, kusikiliza maoni yao, hata kama wengi hawakuridhika na mapendekezo yake. Wenyeji wa Qingdao hawakuulizwa mwaka 1898, wala 1914, wala 1919.