Kabla ya kufungua kaburi la mfalme, nionyeshe stoo

Wadogo zangu wanaosoma akiolojia, wakijua nimefika China, huniuliza swali lile lile: kwa nini kaburi la Qin Shi Huang, mfalme mkuu wa kwanza wa China, halijafunguliwa mpaka leo? Mfalme alikufa mwaka 210 KK, kilima cha kaburi lake kiko pale karibu na mji wa Xi'an kila mtu anakiona, na askari wake wa udongo, yaani sanamu zilizofukiwa jirani na kaburi, wanajulikana tangu 1974, wakulima walipowagundua wakichimba kisima. Wanangoja nini?

Mimi nasema waliache. Nimelijua hilo kwa hasara.

Nilipokuwa mwanafunzi nilishiriki uchimbaji kwenye magofu fulani ya pwani. Siku ya tisa mwiko wangu uligonga kisu cha chuma, urefu wa kiganja, kimevimba kwa kutu. Tulishangilia sana. Tukakipima, tukakichora, tukakitia kwenye mfuko wa plastiki wenye namba, kikapelekwa stoo. Mtaalamu wa kuhifadhi chuma hatukuwa naye. Niliporudi baada ya masika, mfuko ulikuwa umetoa jasho kwa ndani na kisu kimegeuka magamba na unga wa kahawia. Ardhini kilidumu karne na karne. Kwetu hakikumaliza mwaka.

Kisu kile kilinirudia nilipokuwa nashuka ngazi za Dingling, nje kidogo ya Beijing, kwenye kaburi la mfalme Wanli lililofukuliwa kati ya 1956 na 1958. Masanduku makubwa mekundu unayoyaona chini kule ni ya kuigiza, majeneza yenyewe yalishatupwa. Hariri zilizotolewa zilikakamaa na kupoteza rangi. Mwaka 1966, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, vuguvugu la Mao la kufuta mambo ya kale, mifupa ya mfalme na wake zake wawili ilitolewa nje ikachomwa moto. Nilisimama pale nikashindwa hata kupiga picha.

Wachina wanajua walichopoteza, ndiyo maana hawana pupa na Qin. Wale askari wa udongo walipakwa rangi juu ya utomvu wa mti, na hewa kavu ikiugusa, utomvu hujikunja na kubanduka ndani ya dakika chache. Hao ni udongo wa kuchoma; sembuse nguo, mbao na maandishi? Na si kwamba wamekaa bure. Mwanahistoria Sima Qian aliandika kuwa humo ndani kuna mito ya zebaki, na udongo wa kilima ulipopimwa, zebaki ilionekana kwa wingi kuliko kawaida, bila kufungua mlango.

Kaburi likiwa linaliwa na maji, au wezi wameshatoboa shimo, hapo sina ubishi, lichimbwe haraka. Lakini kumbuka kwamba hata kaburi dogo si kazi ya siku moja: la Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale, lina vyumba vinne tu, na mwanaakiolojia Howard Carter, aliyelipata 1922, alitumia takriban miaka kumi kulimaliza.

Kwa hiyo ukialikwa kwenye uchimbaji, hata kama si wa mfalme, kabla hujashika mwiko omba uonyeshwe stoo. Uliza nani atahifadhi chuma, nani atahifadhi mbao, na fedha zake zipo au zinatafutwa. Wakisema zinatafutwa, washauri wasubiri. Mimi siku hizi natoka nyumbani na vikasha vyenye mfuniko unaobana na pakiti za silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu. Chuma kikitoka shimoni asubuhi, mchana kiko ndani.