Kuzoewa na wanafunzi hakuondoi heshima

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ufanyeje na darasa lako la Kiingereza, Kidato cha Kwanza, watoto zaidi ya sabini, ambao ukiuliza swali wote wanatazama chini. Umesema pia kwamba ulipoanza kuwasimulia habari zako kidogo, mwalimu mkongwe wa hapo shuleni alikuonya: "Watakuzoea." Nimefundisha somo hilihili kwenye shule za kata mkoani Mara, na kwa hilo la kuzoewa nampinga waziwazi.

Tazama kwanza mtoto anaingiaje. Amesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo tu. Anafika sekondari, baiolojia kwa Kiingereza, jiografia kwa Kiingereza, na shule nyingi zinamkataza hata kuongea Kiswahili uwanjani. Nyumbani kwao pengine ni Kikurya au Kijita, kwa hiyo hii ni lugha yake ya tatu. Akikosea, wenzake wanacheka. Mtoto mwenye akili ananyamaza. Stephen Krashen, mtaalamu wa Marekani wa jinsi watu wanavyojifunza lugha, aliliandika jambo hili miaka ya 1980: hofu humzuia mwanafunzi kuipokea lugha hata anapoisikia. Lakini huhitaji kumsoma Krashen, wewe unaliona kila kipindi.

Mimi huanza kwa kuwaambia kwamba niliingia darasa la kwanza nikijua Kikurya tu, l na r zikinisumbua, na kwamba Kiswahili wanachonisikia nacho leo nilikipata shuleni, kama wao wanavyokitafuta Kiingereza. Naliongea kwa utulivu, bila kulifanya kichekesho. Wenye matamshi kama yangu ya zamani huinua vichwa. Kicheko hakiishi siku hiyo, ila kinapungua, maana anayemcheka mwenzake sasa anajua anamcheka mwalimu pia.

Kisha habari zangu naziingiza kwenye somo lenyewe, na hapa ndipo penye faida kubwa. Nikifundisha wakati uliopita, naandika ubaoni sentensi za kweli kuhusu utoto wangu: I used to herd goats. I was afraid of thunder. Halafu wao ndio wanaoniuliza. Wanayatunga maswali kwanza kwenye dawati, wawili au watatu, ndipo yanasomwa. Zoezi la kitabuni linawataka waulize John alikwenda wapi jana, na hakuna anayejali John alikwenda wapi. Lakini je, mwalimu alichapwa? Mbuzi waliwahi kupotea? Hayo wanataka kuyajua kwelikweli, kwa hiyo wanahangaika na did mpaka sentensi inakaa. Wapo ambao hawajawahi kunyoosha mkono, lakini siku hiyo wanamnong'oneza jirani swali ili yeye alisome.

Kuna kitu kimoja nakuomba usikiache. Kabla ya maswali, andika ubaoni: I would rather not say, yaani, afadhali nisiseme. Waitamke wote. Kisha itumie wewe mwenyewe, mbele yao, kwa swali ambalo kweli hutaki kulijibu. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama mama yangu yu hai. Nilimjibu kwa sentensi hiyo, nikamshukuru kwa swali, tukaendelea. Baadaye ilipofika zamu yao ya kuulizana, binti mmoja aliulizwa baba yake anafanya kazi gani. Akajibu kwa sentensi ileile, kichwa juu, na aliyemuuliza akahamia swali jingine bila maneno. Kwenye madarasa yetu kuna yatima, kuna wanaolelewa na bibi, kuna ambao baba aliondoka hakurudi. Kumwambia mtoto "eleza familia yako" bila kumpa njia ya kukataa ni kumuumiza, hata kama zoezi limo kitabuni.

Mipaka ipo. Mshahara, ndoa yako, kinyongo chako na mkuu wa shule, hayo yabaki nje. Simulia yaliyokwisha kupona, usije ukamfanya mtoto msiri wako. Na mtoto akikueleza kwamba anafanyiwa ukatili nyumbani, usimwahidi kutunza siri. Mfikishe kwa mwalimu wa malezi na unasihi na kwa ofisa ustawi wa jamii. Namba 116 ya simu ya mtoto nayo inapigwa bure.

Kuhusu heshima, mwambie mkongwe wenu kwamba wanafunzi wangu wanajua niliogopa radi na bado nikiingia wanatulia. Mwanafunzi anampima mwalimu kwa kuingia darasani kwa wakati, kusahihisha madaftari na kutopendelea. Asiyesahihisha watamdharau hata kama hawajui anatoka kijiji gani.

Sabini huwezi kuwasikia wote kwa mdomo, usijidanganye. Wape kila mmoja daftari dogo la kuandika sentensi mbili tatu kuhusu lolote, la kweli au la kubuni, na ukusanye mstari mmoja wa madawati kwa siku. Mjibu kwanza alichokisema, hata kwa sentensi moja, ndipo uguse sarufi, tena kosa moja tu. Wasiofungua mdomo darasani mara nyingi ndio huandika mengi, kwa hiyo anza na mstari wa nyuma.