Vita vya ndugu kwa ndugu, Wagiriki wa nini?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi nilisoma Mfalme Edipode, ile tamthilia ya Kigiriki aliyotafsiri Samuel Mushi, nikaipenda, ila kuna kitu sielewi. Nchi ikitoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe utasikia watu wa maigizo wamerudi kwa Wagiriki, mara Antigone mara wanawake wa Troya. Kwani hawana vya kwao vya kusimulia? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Vya kwao wanavyo, tena vingi, shida ni kuvisema wakati aliyeua bado unapishana naye sokoni.

Chukua Peru. Kuanzia 1980 serikali na waasi wa Sendero Luminoso walipigana, walioumia zaidi ni wanavijiji wa milimani wanaoongea Kiquechua, watu wakachukuliwa usiku wasirudi na ndugu zao hawakupewa hata maiti wazike. Sasa Antigone, tamthilia ya Sophocles wa Ugiriki ya kale, inaanzia hapohapo: kaka wawili wameuana wakigombea mji, mmoja anazikwa kwa heshima, mwingine mfalme anaamuru aachwe aliwe na ndege, dada yao Antigone anagoma. Mwaka 2000 mshairi José Watanabe akaiandika upya kwa ajili ya kikundi cha maigizo cha Yuyachkani cha Lima, na Teresa Ralli akaigiza watu wote peke yake, baada ya kukaa na wanawake waliopotelewa na ndugu zao akawasikiliza.

Utamu uko mwisho. Yule msimuliaji unakuja kugundua ni Ismene, yule dada mwingine aliyeogopa kumsaidia Antigone! Kwa Sophocles huyu Ismene anapotea tu njiani wala hakuna anayemuulizia, ila hapa yeye ndo mwenye kesi, na ukumbini waliojaa ni kina Ismene watupu, walijua, walinyamaza.

Wasyria nao, 2013 kule Amman, Jordan, wanawake wakimbizi waliigiza Wanawake wa Troya ya Euripides, Mgiriki mwingine wa kale, inayohusu wanawake wa mji ulioangushwa na Wagiriki, wakachanganya humo na yaliyowakuta wenyewe, wakati wana ndugu bado Syria na wanawahofia. Ukimlilia Hecuba, malkia wa Troya, nani atakufungulia faili? Na Euripides mwenyewe alicheza hivyohivyo, 415 K.K. aliwaonyesha Waathene machozi ya Troya muda mfupi tu baada ya wao kuua wanaume wa kisiwa cha Melos na kuuza wake na watoto utumwani.

Ila sio zote zinanoga. Nyingine wanabadilisha nguo tu, mfalme anavalishwa kombati na miwani nyeusi, basi, maneno yaleyale mwanzo mwisho, na hapo nakubaliana na wewe bora wangesimulia ya kwao.